Sura ya Nne: Meno ya Mashine

Mtu akifika mnadani Msalato, nje kidogo ya mji wa Dodoma, akasimama kando ya zizi kabla jua halijapanda, ataona mnunuzi akimsikiliza dalali kwa adabu, akimwacha amalize sifa zote za ng'ombe wake, kisha akimwendea ng'ombe mwenyewe, akamshika pua kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili akamfunua mdomo ili atazame meno. Taya ya juu ya ng'ombe haina meno ya mbele, na ile ya chini ina manane. Ya utotoni hung'oka mawili mawili, na jozi ya kwanza ya ukubwani huchipua mnyama akikaribia miaka miwili, hata kinywa kikatimia akiwa na minne au mitano. Kwa hiyo umri wa ng'ombe umeandikwa kinywani mwake, na dalali, awe na ufasaha wa namna gani, hana kifutio cha kuufutia.

Meno hayo mimi niliyakumbuka kwa kuchelewa. Mpwa wangu alikuwa amepata nafasi katika Chuo Kikuu cha Dodoma, kile kilichoanzishwa mwaka 2007 na ambacho majengo yake yametapakaa juu ya vilima vya Chimwaga mithili ya miji midogo iliyopeana mgongo, naye akahitaji kompyuta ya kubeba, ambayo vitabu huiita kipakatalishi na watu wote huiita laptopu. Nami, maadamu mjomba ni mjomba, nikajitwika gharama. Duka nililoingia sitalitaja, kwa kuwa taksiri nitakayoisimulia nusu yake ni yangu. Juu ya mashine palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa wino wa buluu: Core i5, kizazi cha 8, RAM GB 8, SSD GB 256. Kijana muuzaji aliiwasha, akafungua ukurasa wa mipangilio unaoonyesha jina la prosesa, akaweka kidole chini ya jina hilo na kuniambia, "Mzee wangu, jionee mwenyewe. Gen ya nane hii, haina mchezo." Nikajionea kwa macho yangu herufi i5-8250U, nikahesabu fedha, nikaondoka. Baadaye ndipo nilipotanabahi kuwa kile kidole, kilichonionyesha mstari mmoja kwa ukarimu mkubwa, kilikuwa kimeulalia mstari unaofuata.

Mpwa wangu alinipokea kwa shikamoo na furaha, akaipapasa mashine juu na chini, kisha akaniuliza swali lililonishangaza: "Mjomba, uliiuliza?"

"Nimuulize nani?"

"Yenyewe."

Akabonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya dirisha na kitufe cha R, akaandika herufi tatu, cmd, na mara kikafunguka kile kidirisha cheusi ambacho wengi wetu hukiogopa, tukidhani kuwa ni mlango wa mafundi na wahalifu. Ndani yake aliandika neno moja, systeminfo, akabonyeza kitufe cha kuingiza. Mashine ikatafakari sekunde chache, kisha ikaanza kutoa habari zake mstari baada ya mstari: jina lake, kiwanda kilichoitengeneza, siku mfumo ulipowekwa, tarehe ya ile programu ya msingi iitwayo BIOS, ukubwa wa RAM, na hata saa iliyowashwa mara ya mwisho. Amri hii haikununuliwa wala kupakuliwa kutoka intaneti. Imo ndani ya Windows tangu enzi za XP, ikingoja kuulizwa, na aghalabu mwenye mashine huishi nayo miaka mitano asijue kuwa ipo.

Katika mstari wa prosesa hapakuandikwa i5 wala i7. Paliandikwa hivi: Intel64 Family 6 Model 78 Stepping 3 GenuineIntel, na mbele yake kasi ya karibu MHz 2,400. Maneno hayo, ambayo kwa mtu asiyeyazoea ni kama nasaba ya kabila geni, kwa hakika ni nasaba: ukoo wa sita, tumbo la sabini na nane, toleo la tatu. Ukoo wa sita hauna siri kubwa, kwa sababu prosesa karibu zote za Intel za kompyuta zetu zimo humo. Mambo yote yako katika nambari ya pili. Prosesa za kizazi cha sita za kompyuta za kubeba, zile zenye herufi U mwishoni mwa jina, zilizotoka mwaka 2015, ni 78. I5-8250U, iliyotoka mwaka 2017, ni 142. Yule aliyebadilisha jina katika ukurasa wa mipangilio alibadilisha jina la biashara tu, akausahau ukoo, kama mtu ajiitaye Mmanga na lafudhi yake ikamsaliti kabla hajamaliza salamu.

Hapa yanipasa niseme jinsi udanganyifu huu unavyowezekana, maana msomaji atauliza: ikiwa mashine hutoa habari zake yenyewe, mwongo alipita wapi? Wanazuoni wa Hadithi waliwafundisha wazee wetu wa pwani kwamba habari hupimwa kwa isnadi, yaani mnyororo wa wapokezi wake: fulani kasikia kwa fulani, aliyesikia kwa fulani aliyekuwapo, na kadiri mnyororo ulivyo mrefu ndivyo pana wasaa wa mtu kutia lake. Habari za kompyuta nazo zina isnadi. Kile kikaratasi cha wino wa buluu ni kauli ya muuzaji, aliyoipokea kwa muuza jumla, aliyeipokea kwa mwenye kontena, ambaye huenda alikisia. Ukurasa wa mipangilio ni mpokezi wa karibu zaidi, walakini nao haumwulizi mwenye habari. Husoma daftari kubwa la Windows liitwalo rejista, ambamo jina la prosesa huandikwa upya kila mashine iwashwapo, na mjanja aweza kutega programu ndogo ambayo, mara mashine ikisha kuwaka, hufuta jina la kweli na kuandika alitakalo. Shahidi wa mwisho, asiye na mpokezi nyuma yake, ni prosesa yenyewe.

Na prosesa husema. Tangu zama za Pentium, iliyotoka mwaka 1993, na baadhi ya ndugu zake waliotangulia kidogo, kila prosesa ya jamii hii imezaliwa na agizo moja liitwalo CPUID, ambalo kazi yake si kujumlisha wala kutoa, ni kujitambulisha. Ukiliuliza swali la kwanza hujibu kwa herufi kumi na mbili za jina la aliyeitengeneza: GenuineIntel, au AuthenticAMD, na wote wawili, kama uonavyo, hawakutosheka kutaja jina bali waliongeza kiapo cha kuwa ni halisi. Ukiliuliza maswali mengine matatu hutoa herufi kumi na sita kila mara, jumla arobaini na nane, ambazo ni jina kamili la biashara. Herufi hizo hazikai katika diski hata zihaririwe kama barua. Zimo katika kipande chenyewe cha silikoni, na muuza duka hana kalamu ya kufika huko. Kadi nyingine za ndani zina desturi iyo hiyo: kila kampuni ina nambari yake ya ukoo, na Intel, kwa majivuno ambayo mimi nayasamehe, ilijichukulia 8086, nambari ya prosesa yake mashuhuri ya mwaka 1978.

Ili tusibaki na shaka, mpwa wangu alichomoa mfukoni flashi aliyoitia Ubuntu, mfumo wa jamii ya Linux, akaizima mashine, akaiwasha upya kwa kupitia flashi hiyo pasipo kugusa chochote kilichomo katika diski, hivyo hila zote zilizotegwa ndani ya Windows zikabaki zimelala fofofo. Akaandika lscpu. Sasa jina likatoka bila aibu: i5-6300U. Na chini yake ukatoka ushahidi mwingine, ambao naupenda kuliko jina, kwa kuwa wahusu kazi: viini viwili, kila kimoja kikibeba nyuzi mbili, jumla nne. Ile i5-8250U niliyouziwa kwa kidole ina viini vinne na nyuzi nane. Tofauti hiyo ni kama ya nyumba yenye meko mawili na nyumba yenye meko manne siku ya arusi; wali utaiva kotekote, lakini wageni wa nyumba moja watakula usiku.

Kisha akaandika free -h, na hapo kidole cha muuzaji kikainuka: RAM haikufika hata GB 4 kamili, sehemu yake ikiwa imechukuliwa na kazi ya kuchora picha za skrini. SSD, kwa insafu, ilikuwa ya kweli.

Asubuhi nilirudi dukani nikiwa na matokeo yale katika karatasi mbili, nimejiandaa kwa vita. Vita havikuwapo. Yule kijana alisoma karatasi, akakuna kichwa, akasema, "Mzee, wallahi hata mimi nimeuziwa hivyo hivyo." Nilimsadiki, na hadi leo namsadiki, ingawa habari ya kidole hatukuijadili. Yeye aliichukua kwa jumla Kariakoo, na mwuza jumla aliitoa katika shehena iliyopitia Dubai, na katika safari hiyo yote ya bahari na barabara kila mtu alibeba neno la mwenziwe, hata mmoja hakuketi dakika tatu kuiuliza bidhaa. Tukapatana apunguze bei, akanirudishia kiasi. Mashine nikabaki nayo, kwani kwa kazi ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza haikuwa mbaya, ila haikuwa ile.

Mji wetu unahitaji elimu hii kuliko miji mingi. Tangu Serikali ilipoazimia mwaka 2016 kuutimiza ule uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa, watumishi, wanafunzi, wapiga chapa na wenye vibanda vya huduma wamekuja kwa maelfu, na kila mmoja ataka kompyuta, na nyingi katika hizo ni za mtumba. Kiswahili kina mzaha wake: Mji wa Serikali nao umejengwa mahali paitwapo Mtumba, basi ukimsikia mtu daladalani akisema kuwa kompyuta yake ni ya Mtumba, hujui kama ajisifia ofisi au alalamikia betri.

Wala kosa la kutoiuliza mali kabla ya kuitwisha kazi si geni katika nyanda hizi. Mashariki ya Dodoma iko Kongwa, ambako mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza kufyeka pori kwa ajili ya mradi wa karanga. Walileta matrekta, na vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, wakaleta mameneja na mahesabu. Ardhi haikuulizwa kwa makini. Udongo ule, mvua ikiisha, hukauka ukawa kama sakafu, karanga zikanaswa chini, na mvua yenyewe ni haba na haina ahadi, jambo ambalo Mgogo yeyote mchunga ng'ombe angewaeleza kivulini kwa kikombe cha uji. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikawa zimekwenda. Nimeutaja kwa sababu nimeona ofisi zikifanya Kongwa ndogo ndogo: zikanunua programu nzito ya mahesabu kwa fedha nyingi, na kuisimika katika mashine ambazo hakuna aliyezitazama meno.

Na Serikali yetu yenyewe ilikuwa na majuto yake. Kompyuta ya kwanza serikalini iliwekwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965, na mwaka 1974 ikatoka amri ya kuzuia kompyuta zisiingizwe nchini, baada ya kuonekana kuwa gharama ni kubwa na faida haionekani. Vijana wa leo hucheka wakiisikia. Mimi sicheki sana, kwa maana mtu aliyelipia mashine asiyoijua uwezo wake, kisha ikamvurugia hesabu, ana haki ya kuifungia mlango kwa muda.

Turudi kwenye kidirisha cheusi. Katika Windows zilizotangulia palikuwa na amri iliyopendwa na mafundi, wmic, ambayo ilijibu kwa ufupi lolote uliloiuliza. Katika Windows 11 za karibuni huikuti tena ila uitafute, na mahali pake pameshikwa na PowerShell, kidirisha kingine chenye maneno marefu zaidi lakini chenye akili zaidi. Humo ukiandika Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory, utaletewa kila kijiti cha RAM kilichochomekwa, kimoja kimoja, pamoja na kasi yake, nambari yake na jina la aliyekitengeneza, habari ambazo kijiti huzitunza katika kipande chake kidogo cha kumbukumbu isiyofutika. Ukubwa hutajwa kwa baiti, na kijiti cha GB 4 hujitaja kuwa ni 4,294,967,296.

Nambari hiyo si ya kupita upesi. Ni mbili iliyozidishwa kwa yenyewe mara thelathini na mbili, na ndiyo idadi ya anwani zote ambazo Windows ya biti 32 ya kompyuta zetu hizi huweza kuzihesabu. Ndiyo sababu mtu aliyetiwa mfumo wa biti 32 na fundi wa haraka, akanunua RAM ya GB 8 kwa jasho lake, huiona mashine ikikiri GB 3 na ushei, akamlaani muuza RAM asiye na hatia: RAM imo, ila postamasta ana vijisanduku vya barua visivyozidi idadi hiyo, na baadhi yake vimekwisha chukuliwa na kadi za ndani. Ile systeminfo ya mwanzo hutaja aina ya mfumo katika mstari wake. Ukiona x64, hofu hiyo haikuhusu, na ukiona x86, mwite fundi mwingine.

Diski nayo huonewa katika hesabu. Mtu hununua diski ya GB 500, Windows ikamwonyesha 465, akadhani ameibiwa 35. Hakuibiwa: mwenye kiwanda huhesabu GB moja kuwa ni baiti bilioni moja kamili, na Windows huhesabu kuwa ni 1,073,741,824, na kila mmoja ana haki katika dini yake ya hesabu. Linalodai uangalifu ni aina ya diski, kwa sababu diski ya kuzunguka na SSD huachana kwa kasi kuliko punda na pikipiki. Katika PowerShell andika Get-PhysicalDisk, nayo itakwambia HDD au SSD, pamoja na neno juu ya afya yake. Katika Linux andika lsblk -d -o NAME,SIZE,ROTA, kisha utazame safu ya mwisho: 1 maana yake diski yazunguka, 0 maana yake haizunguki. Sijaona jibu lililo fupi kuliko hilo katika lugha yoyote.

Betri ndiyo inayoongopewa zaidi sokoni, kwani haionekani na kila muuzaji huapa kuwa inakaa saa nne. Andika powercfg /batteryreport, na Windows itakuandikia ripoti kamili katika faili, ikikutajia mahali ilipoiweka. Ifungue kama ufunguavyo ukurasa wa intaneti. Tafuta nambari mbili: uwezo iliozaliwa nao, na uwezo inaojaza sasa. Ikiwa ilizaliwa na 48,000 na sasa hujaza 19,000, basi hata nusu ya uwezo wake haiko nawe, na zile saa nne ni za ndotoni. Amri hii nimewafundisha watu wengi kuliko nyingine zote, na ndiyo iliyonipatia shukrani nyingi na maadui wachache.

Kuna zana zisizo na haja ya maneno mengi. Asiyependa kuandika amri aandike msinfo32 katika kile kisanduku cha kitufe cha R, apate ukurasa mzima uliopangwa kwa safu; mwenye kutaka kujua habari za kadi ya picha aandike dxdiag. Mwenye kompyuta ya Apple ana system_profiler SPHardwareDataType, na aghalabu hana haja nayo, kwa kuwa alama ya tufaha katika kona ya juu humpa mengi ya hayo hayo kwa kubonyeza mara mbili. Na mwenye kununua sasa, baada ya msaada wa kawaida wa Windows 10 kukoma tarehe 14 Oktoba 2025, aandike tpm.msc aone kama mashine ina kile kifaa cha usalama cha toleo la 2.0 ambacho Windows 11 hukidai, asisahau kuwa mfumo huo, kwa upande wa Intel na kwa jumla, huanzia kizazi cha nane. Hapo utaelewa kwa nini mtu aliona faida kuigeuza sita kuwa nane.

Majibu ya amri zote hizi, nasikitika kusema, huja kwa Kiingereza. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazosema Kiswahili, na ilikuwa kazi ya kujivunia; lakini kidirisha cheusi hakikuguswa, na mzee asiyekijua Kiingereza lazima asaidiwe na mjukuu. Msamiati wenyewe si mkubwa. Maneno kumi na tano yakitosha kununulia ng'ombe, mengine kumi na tano yatatosha kununulia kompyuta.

Mpwa wangu alimaliza muhula wa kwanza na mashine ile, kisha ikaanza kulemewa. Akifungua kurasa sita za intaneti na kazi yake ya chuo, feni ililia kama bomba la mvuke. Katika Linux aliandika sudo dmidecode -t memory, amri inayosoma majedwali yaliyoachwa na kiwanda ndani ya mazabodi, ikamjibu kuwa nafasi za RAM ni mbili, moja ina kijiti cha GB 4, na nyingine ni tupu. Akasoma pia faili moja dogo, /sys/class/thermal/thermal_zone0/temp, akakuta 88000, maana yake nyuzi joto 88, kwani faili hilo huhesabu kwa sehemu za elfu. Tukaenda kwa fundi mmoja mjini, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, tukamwambia tunachotaka bila ya kumwachia nafasi ya kukisia: kijiti kimoja cha GB 4, aina ya DDR4, kasi sawa na ya kilichomo, na feni isafishwe. Alitutazama kwa mshangao kidogo. "Leo mmekuja na majibu," alisema, "kwa kawaida huja na kilio."

Akafungua mfuniko wa chini. Vumbi la Dodoma, jekundu na laini kama unga wa ulezi, lilikuwa limejaa katikati ya feni na zile bati nyembamba za kupozea, limeshikamana hata likawa kama kitambaa. Alilitoa kwa brashi na pumzi ya mashine ya upepo, nje, akiupa upepo mgongo. Akachomeka kijiti katika ile nafasi tupu, akakaza skrubu, akamrudishia kijana mashine yake juu ya meza. Mpwa wangu akaiwasha, akangoja, akaandika free -h, kisha akaigeuza skrini upande wangu, na safari hii hakuweka kidole popote.